Ripoti ya karakana ilikuwa kwenye simu, msumari na gunia

Mnunuzi wetu wa Uholanzi aliponiambia oda ya mwaka huu haitapita bila ripoti ya mazingira na wafanyakazi, nilidhani amenichanganya na kampuni nyingine. Mimi nina karakana ya mifuko ya turubai huku Kariobangi Light Industries, Nairobi, mafundi 12, basi. Mshauri mmoja wa mjini akanitajia bei ya kununua cherehani mbili. Nilimshukuru, nikakata simu.

Nikashika VSME, mwongozo wa hiari wa kuandika ripoti kama hiyo, uliotolewa Desemba 2024 kwa ajili ya kampuni ndogo na EFRAG, shirika la Ulaya linaloandaa viwango vya ripoti. Sehemu ya msingi ina vipengele 11, na kisichokuhusu unakiacha.

Stima haikunisumbua. Kila tokeni huja na idadi ya yuniti, nami sifuti jumbe. Binti yangu alizijumlisha jioni mbili. Risiti za dizeli ya jenereta nilikuwa nimezichoma kwenye msumari ukutani: lita 340 kwa mwaka. Lita moja ikiungua hutoa takriban kilo 2.68 za hewa ya ukaa, kwa hiyo tulitoa kama kilo 911. Maji ya boza niliyakisia, nikaandika wazi kwamba nimekisia.

Vipande vya turubai ndivyo vilivyozua maneno. Kila Ijumaa tuliazima mizani ya jirani anayenunua vyuma chakavu, tukaning'iniza gunia. Mzee anayekata vitambaa akanitazama. "Mama, siku hizi tunapima hadi takataka?" Wiki ya kwanza, kilo 31. Alinyamaza. Jumatatu nikamkuta anageuzageuza violezo vya mifuko mezani kabla ya kukata, na wiki ya nne gunia likawa kilo 22. Sikuwa nimemwambia neno.

Kilichoninyima usingizi ni kiwango cha ajali. Unachukua idadi ya ajali, unaigawa kwa saa zote za kazi, kisha unazidisha kwa 200,000, yaani saa za watu 100 kwa mwaka. Mkwaruzo wa kufunga plasta hauhesabiwi, lakini fundi wetu mmoja alichomwa na sindano ya cherehani ikapenya kidole, akashonwa kliniki. Huyo anahesabiwa. Saa zetu ni kama 24,000, kwa hiyo kidole kimoja kikanipa 8.33. Ukiisoma namba hiyo bila kujua udogo wetu, utadhani tunachinja watu. Nilishawishika kuandika sifuri, sitaficha. Nikaandika 8.33, na chini yake nikaeleza kwamba ni ajali moja, mafundi 12.

Mnunuzi alirudi na swali moja tu: mashine hiyo sasa ina kinga ya sindano? Haikuwa nayo. Mchana huo nikaenda kuinunua, fundi mwenyewe akaifunga, nikatuma picha. Kovu lake limeonekana pembeni.