Nilienda kuliona kombe, nikatoka natiririka jasho

Jamani, jana nimeingia makumbusho ya FIFA pale Zurich, Uswisi. Nilidhani ni mahali pa kutembea kimyakimya, mikono nyuma. Kumbe! Jambo la kwanza kukutana nalo ni jezi za wanachama wote 211 wa FIFA, zimepangwa kwa rangi kama upinde wa mvua. Nikasimama hapo kama mtoto aliyepotea sokoni, naitafuta ya kwetu. Nikaipata. Nimepiga picha saba, zote za jezi hiyohiyo.

Kombe la Dunia lenyewe, kusema kweli, ni dogo kuliko linavyoonekana kwenye televisheni: sentimita 36.8 tu, ila uzito ni kilo 6 na ushee. Hapo nilinyamaza kidogo.

Halafu pinboli, ule mchezo wa mashine wa kugongesha kigololi kwenye vizuizi! Mashine kubwa kabisa, ila mpira unauchezea kwa mguu wako mwenyewe. Mimi ambaye kila wikendi namfokea straika kwa kukosa goli la wazi, nimepaisha mara tatu. Nyuma yangu katoto ka miaka kama minane kakapiga, ukaingia. Kakanitazama kwa huruma.

Straika wetu, naomba radhi. Hadi Jumamosi.