Kiara wa Malindi

Hapa Malindi jina la Kiitaliano halimshtui mtu. Vijana wa ufukweni wamejibatiza Roberto na Franco tangu zamani, na Kiitaliano chao kinatiririka kuliko Kiingereza. Lakini kumpa mtoto mchanga jina hilo, liingie kwenye cheti cha kuzaliwa, ni mambo mengine. Nilipomwambia mama mkwe nataka Chiara, aliuliza, "Huyo ni nani kwetu?"

Swali la haki. Sisi ni Wagiriama. Mtoto hurithi jina la wazee, na watu wakilisikia wanajua ametoka mlango gani. Chiara hana kaburi hata moja Kaloleni. Nililipenda tu nikifanya kazi jikoni hotelini, bosi akimwita bintiye.

Wengine wataniambia ni utumwa wa fikra. Mbona Wamarekani, setilaiti yao iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapa Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970, waliiita Uhuru na hakuna aliyewasuta? Ila setilaiti haina nyanya wa kununa.

Kilichonisumbua zaidi ni tahajia. Waitaliano husoma 'ch' kama 'k'. Mwalimu wa chekechea hapa atamwita Chi-a-ra, na atakuwa sawa kabisa. Nimeandika Kiara. La pili ni Kadzo, la mama mkwe mwenyewe. Yeye humwita Kadzo tu, tena kwa sauti ya juu nikiwa karibu.