Siku moja na wanafunzi wangu Ukumbi wa Karimjee

Saa 11:30 alfajiri. Chai inapoa mezani, nasoma tena Ibara ya 12 hadi ya 24 za Katiba ya Tanzania, zile za haki. Nafundisha sheria ya katiba, na leo darasa halifanyiki Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Saa 2:00. Tumepanda mwendokasi hadi Kivukoni, tumebanana kweli. Kutoka hapo ni kwa miguu.

Saa 3:15. Tumeingia. Nawaacha wakae kimya kwanza. Ukumbi huu ulijengwa 1955 kwa mchango wa familia ya Karimjee, na nchi ilipopata uhuru Bunge lilikutana humu, Spika akiwa Abdulkarim Karimjee. Humu Mwalimu Nyerere aliapishwa kuwa Rais wa kwanza, Desemba 1962. Aprili 1964 yeye na Mzee Karume wakabadilishana hati za Muungano papa hapa. Vijana wamezoea katiba ya kwenye karatasi. Nataka wajue kuna watu walikaa vitini, jasho likiwatoka, wakaibishania.

Saa 4:00. Binti wa mwaka wa pili ananyoosha mkono. "Dokta, na haki zetu ziliingia lini?"

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Katiba ya 1961, ya uhuru, haikuwa na hati ya haki, yaani orodha ya haki za kila mtu. Ya Jamhuri, 1962, nayo haikuwa nayo, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini. Serikali iliona hati ya namna hiyo ingewapa majaji, wengi wao wageni, nguvu ya kukwamisha maendeleo. Naielewa hoja hiyo. Siikubali: aliyefungwa bila kushtakiwa hakuwa na pa kukimbilia. Haki zikaingia 1984, na hata hivyo mahakama hazikuruhusiwa kuzitumia hadi 1988.

"Miaka 23?"

"23, kabla hazijaandikwa."

Anaandika namba hiyo daftarini, anaipigia mstari mara mbili, kalamu inatoboa karatasi.

Saa 7:00. Wali maharage, haraka haraka.

Saa 9:00. Nimerudi chuoni, ambacho kilianza Oktoba 1961 Mtaa wa Lumumba kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Wiki chache baadaye, uhuru. Kitivo chetu na Bunge la nchi huru ni mtu na mdogo wake, ndiyo maana naona tunadaiwa kulikumbusha.

Saa 3:00 usiku. Ujumbe wa yule binti: "Shikamoo Dokta. Siku ile ya 1962 walipopitisha sheria ya kizuizini, kuna mbunge aliyesimama kupinga?"

Marahaba. Kesho saa 2:00 asubuhi tukutane maktaba, tufungue hansadi, kumbukumbu za mijadala ya Bunge.