Ukocha wa besiboli huanza na kamba ya kupimia

Kwenye vyuo vya miaka miwili vya Marekani wachezaji hawakai, kwa hiyo kocha wa besiboli husaka vijana wapya kila mwaka, na mara nyingi uwanja huuhudumia mwenyewe. Kijana wa Mwanza anayeitaka kazi hii aanzie hapohapo uwanjani.

Pima mraba wenye pande za mita 27.43; kila kona ni kituo. Usiziamini pande peke yake: vuta kamba kutoka kituo cha nyumbani, anaposimama mpigaji, hadi cha pili, kwenye kona ya mkabala, isome mita 38.8. Ikipungua au ikizidi, mraba umepinda. Kibao cha mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, kiwe mita 18.44 kutoka nyumbani. Mpigaji atazame mashariki, ziwa liwe mgongoni. Jua la jioni likimpiga machoni hatauona mpira, nao ni mgumu, una gramu 142 hadi 149. Okota changarawe zote, maana mpira ukigonga jiwe hubadili njia na kumpata mdakaji usoni. Kwa miamba yetu, kazi hii ni ya kila wiki.

Kisha linda bega la mrushaji. Kijana wa miaka 17 au 18 akizidisha mirusho 80 kwa siku, apumzike siku nne kamili, hata kama kesho kuna fainali.