Tabora hadi Ujiji, peke yangu na bila haraka

Watu wakisikia nilikwenda Tabora na Ujiji kutembea tu, swali la kwanza huwa hilohilo: "Una ndugu kule?" Sina. Sikwenda msibani, sikwenda harusini, wala ofisi haikunituma. Nilichukua likizo, nikapandia treni Dodoma, nikashuka Tabora na begi la mgongoni na khanga doti moja. Mwanamke ukisafiri peke yako, khanga ni shuka, ni taulo, ni pazia la dirisha lisilo na pazia, na ukiingia kwenye nyumba ya watu ni stara.

Miji hii niliichagua kwa sababu inashika ncha mbili za kipande kimoja cha njia ya misafara. Bidhaa za pwani zikifika Tabora ziligawanyika: nyingine zilikwenda kaskazini, Karagwe na Buganda, nyingine magharibi mpaka Ujiji ziwani. Nilitaka kuipita njia hiyo kwa mpangilio wake, kwa nchi kavu, badala ya kushuka na ndege Kigoma nikaona ziwa nikarudi.

Treni ya Kigoma haipiti kila siku. Ukishuka Tabora umekubali kukaa, na mimi ndivyo nilivyotaka. Gesti sikumuuliza mtu wa stesheni. Nilikwenda kwa mama lishe, nikaagiza wali maharage, nikala nikamaliza, ndipo nikamuuliza: "Mama, mwanao angekuja hapa peke yake ungempeleka alale wapi?" Ukiuliza hivyo hupewi jina la gesti ya shemeji yake. Alinielekeza kwenye nyumba ambayo walimu wa kike hufikia wakija mjini kwa vikao. Nikakagua komeo la ndani, nikahakikisha mhudumu analala palepale, nikamtumia dada yangu jina la gesti na namba ya chumba. Hilo nililifanya kila nilipolala, hata pale nilipoona napitiliza.

Mjini nilipita Boma la Wajerumani, nikaitazama kwa nje Tabora School aliposoma Nyerere kuanzia 1937. Majengo mazuri, lakini jengo usilokuwa na mtu wa kukusimulia humalizika upesi. Siku zangu nzuri zilikuwa za Kwihara, kwenye nyumba aliyokaa mpelelezi Livingstone, ambayo leo ni makumbusho.

Kwihara iko nje ya mji, mwendo wa bodaboda kupita mashamba na miembe. Nilipatana na dereva bei ya kwenda, kusubiri na kurudi. Neno "kusubiri" lilimshangaza kidogo, maana wageni wengi hapo hawakai. Nikamkuta mzee msimamizi, nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Uko na nani?"

"Niko peke yangu, baba."

Akatazama nyuma yangu, akamwona dereva ameshajilaza chini ya mwembe. "Basi kaa kwanza. Picha utapiga baadaye."

Nyumba yenyewe ni tembe: kuta nene za udongo, paa la bapa, vyumba vimezunguka ua. Mlango ni wa nakshi, wa mtindo wa pwani, na kuuona huko ndani Unyamwezi kunakueleza nani alikuwa anajenga hapa na mali yake ilikotoka. Nilikaa kwenye kizingiti, kivuli kikihama ukuta kwa ukuta, mzee akisimulia kwa zamu na kimya chake.

Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta Livingstone, alifika sehemu hizi Juni 1871, baada ya kuondoka Bagamoyo Machi. Miezi mitatu, na huo ulihesabiwa mwendo mzuri. Akakutana na Livingstone Ujiji Novemba, wakarudi pamoja Kwihara Februari 1872. Machi Stanley akaenda zake pwani. Livingstone akabaki. Alibaki mpaka Agosti, anangoja watu 57 ambao Stanley alikuwa amwandikie huko pwani, maana bila watu wa kubeba hakuna safari. Mtu ambaye dunia nzima inamjua kwa kutembea alikaa hapa karibu nusu mwaka akingoja.

Nikaona kumbe kungoja ndiko kulikokuwa safari yenyewe. Wapagazi wa Kinyamwezi walitoka kiangazi na kurudi kulima mvua zikikaribia. Tajiri wa pwani aliyefika wakati wa jembe hakuwa na la kufanya ila kutulia na pembe zake za ndovu. Kalenda ya biashara ile ilishikwa na mkulima wa mahindi na mtama. Vitabu vya shule hatukuvisoma hivyo, tulikariri majina ya wageni na tarehe zao.

Jambo ambalo mzee alilisimulia akiwa amesimama ni la 1873. Livingstone alifia kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwezi Mei. Watu wake, Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba. Oktoba wakafika nao Unyanyembe, eneo hilihili la Tabora. Hapo wakamkuta ofisa Mwingereza, Cameron, akawashauri wazike mwili palepale. Wakakataa. Wakaendelea nao mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. "Walikuwa wameshaamua," mzee akasema, basi. Mimi kwa maoni yangu nyumba ile ingestahili kuitwa kwa majina yao pia.

Dereva nilimlipa zaidi ya tulivyopatana. Alikuwa amelala vizuri sana.

Treni niliyopanda kuelekea Kigoma nilikata daraja la pili la kulala. Wanawake wanalala chumba chao na wanaume chao, na kwa msafiri wa peke yake mpango huo unatosha kukufanya ulale kweli. Mama wa kitanda cha chini alifungua mfuko wa matobolwa na karanga, akagawa chumba kizima kabla hatujajuana majina. Viazi vile vilivyochemshwa vikakaushwa vinataka meno na subira, ukivitafuna polepole utamu unakuja wenyewe.

Urambo tukaipita usiku. Nikamwambia mama yule kwamba hapa ndipo palipokuwa makao ya Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, na kwamba 1871 vita vyake na Waarabu wa Tabora viliifunga njia ya moja kwa moja, ndiyo maana Stanley akalazimika kuzunguka kusini. Akacheka. "Unanisimulia Mirambo mimi? Mimi ni wa Urambo." Kuanzia hapo nikanyamaza, akasimulia yeye.

Asubuhi tukawa Kigoma. Reli ilifika hapa 1914, na ndiyo iliyoleta kwa vipande meli ambayo leo ni MV Liemba. Iliundwa Ujerumani 1913, ikaunganishwa Kigoma, ikashushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha wasiiache kwa adui. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Hata meli huku imewahi kungoja.

Ujiji nilikwenda kwa daladala. Msimamizi wa makumbusho alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri, kwa hiyo nikakaa kibandani kwa mama muuza mawese. Akanikaribisha ugali wa muhogo na mgebuka, akakataa pesa. Katika mazungumzo akasema babu wa babu yake alitoka Manyema, ng'ambo ya ziwa. Nikauliza kama alikuja kwa biashara. "Hakuja," akasema, "aliletwa." Akaendelea kumpimia mteja mawese.

Ndani ya makumbusho kuna sanamu za Stanley na Livingstone wakisalimiana, na nje mnara pale uliposimama mwembe walipokutania. Ziwa limerudi nyuma tangu enzi zile, unashuka mtaa mzima ndipo uone maji. Nilisoma maelezo yote ukutani. Niliyoyapata kibandani hayakuwemo.

Kwa anayetaka kwenda: beba pesa taslimu kiasi, nyingine iache kwenye simu. Acha siku za ziada kwenye likizo, usipange kikao kesho ya kurudi. Mwenyeji akikwambia kaa, kaa.

Mimi safari ijayo nashuka Urambo. Mama wa matobolwa ameshaniachia namba ya shangazi yake, na shangazi ameshapiga simu kuuliza kama nakula mlenda.