Handaki, pipa langu na kisima cha Hesawa

Barua iliingia Jumanne, na kama ilivyo kawaida ya huku Uswidi, hakuna salamu. Wenye nyumba wanatutaarifu wapangaji wote kwamba stoo za chini ziwe tupu kabla ya mwisho wa mwezi, maana huko chini ni handaki la kujikinga na mabomu na wakaguzi wanakuja. Kitakachokutwa kitatupwa, na bili ya kukitupa utaletewa.

Sasa mimi stoo yangu ina pipa la kutuma nyumbani. Miezi saba nalijaza kidogo kidogo: nguo za watoto wa dada, viatu, sufuria, na kile kigari cha wazee cha kujishikilia wakitembea, cha mama, nilichopewa kazini kikiwa bado kizima. Pembeni kuna shangazi kaja mbili. Nikapiga simu kuomba wanivumilie mpaka kontena la Dar liondoke. Dada aliyepokea akanijibu kwa upole, ule upole wao wa kukunyima, kwamba kwa sheria handaki linatakiwa liweze kutumika ndani ya siku 2 hali ya hatari ikitangazwa. Nikaulizia stoo ya kukodi: krona 890 kwa mwezi. Badilisheni wenyewe. Kwa hela hiyo pale Buzuruga, Mwanza, si ningepata chumba na sebule, na chenji ya luku juu?

Miaka 11 niko Göteborg, ile alama mlangoni, pembetatu ya bluu kwenye mraba wa rangi ya chungwa, nilikuwa naiona kama pambo. Kumbe nchi nzima yako mahandaki kama 64,000, ya kuingia watu milioni 7 hivi. Letu tulikuwa tunawekea baiskeli. Ndiyo Uswidi niliyoikuta, nchi iliyokaa miaka 200 bila kupigana vita na ikajivunia kutofungamana na upande wowote. Nyerere na Palme, waziri mkuu wao wa zamani, walielewana sana kwenye hilo.

Urusi ilipovamia Ukraine Februari 2022, kila kitu kikageuka. Ufini, wenye mpaka na Urusi wa kilomita zaidi ya 1,300, wakaingia NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, Aprili 2023. Waswidi wakafuata Machi 2024. Novemba ya mwaka huo kila nyumba ikaletewa kijitabu cha kueleza ufanye nini vita ikija, na wiki hiyohiyo nyaya mbili za mawasiliano zikakatika chini ya bahari ya Baltiki. Pale kazini, nyumba ya wazee, chumba cha chai kilinyamaza kama msibani.

Kijitabu nimekisoma chote, hadi kwenye wajibu wa kulinda nchi: unamhusu kila anayeishi hapa mwenye miaka 16 hadi 70. Raia au si raia. Jeshini wanakwenda raia, lakini sisi wengine tunaweza kupangiwa kazi. Nikamtumia mdogo wangu picha ya ukurasa ule, akajibu, "Dada, si ulisema umekwenda kutunza wazee?"

Cha kuchekesha ni maelekezo ya maji. Mtu mzima aweke lita 3 kwa siku, kwa wiki nzima, na awe na tochi, redio ya betri, chakula kisichohitaji friji na noti mkononi. Madukani wamejaza madumu ya plastiki, tupu kabisa, kwa bei ya kukutoa machozi. Nikawaambia wenzangu kwetu dumu ni la mafuta ya kula yakiisha, na kukaa gizani siku tatu hatujawahi kuandikiwa kijitabu. Walicheka. Halafu mmoja akaniuliza kama naweza kumfundisha kuwasha jiko la mkaa, na hakuwa anatania.

Kilichonichoma hasa kilikuja Desemba 2025. Serikali ilitangaza inaondoa kwa awamu misaada ya maendeleo kwa Tanzania, Zimbabwe, Msumbiji, Liberia na Bolivia, ili hela iende Ukraine. Waswidi hawa ndio walioshirikiana na jirani zao kujenga kituo cha elimu cha Kibaha miaka ya 60. Hawa ndio wa Hesawa, ule mradi wa maji na usafi vijijini, na watu wa Kanda ya Ziwa hapo mnanielewa: mimi maji niliyokulia ni ya kisima cha Hesawa, tulikuwa tunapanga ndoo kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Wakati huohuo wamekubaliana kukopa hadi krona bilioni 300 za ulinzi. Na kodi nakatwa kila tarehe 25, kwa hiyo bunduki hizo na mimi nanunua.

Kwa siku kadhaa nilikuwa nimewanunia Waswidi wote.

Ndipo likaja la Jumamosi. Naburuta pipa kwenye ngazi, jasho linanitoka, akatokea mzee wa ghorofa ya pili. Miaka sita tunapishana, salamu yake ni kutikisa kichwa. Akasimama. Akasoma maandishi yangu ya maka pen ubavuni mwa pipa: MWANZA. Akaligusa kwa kidole, akasema kwa Kiswahili, "Mimi, pampu." Alikuwa fundi wa visima huko kwetu, miaka ya 80! Tukaketi ngazini karibu saa nzima, pipa katikati yetu.

Nikamtolea yangu ya moyoni kuhusu misaada. Hakuitetea serikali, ila hakuniunga mkono pia. Alisema zamani waliamini Mmarekani yuko nyuma yao. Leo Trump anaitaka Greenland ya Denmark, mwanachama mwenzake wa NATO, sasa umtegemee nani? Mjukuu wake ana miaka 18, ameshaitwa kupimwa afya ya jeshi. Aliposema hivyo alikuwa anatazama viatu vyake. Nikakosa la kuongeza.

Mnaoniuliza pembeni kuhusu kuja, sikilizeni. Masomo kwa wasio wa Ulaya yanalipiwa tangu 2011, na kiwango cha mshahara cha kupata kibali cha kazi kimepandishwa tangu 2023. Wakala akikuambia huku ni kwepesi, mwulize alikuja lini.

Pipa sasa liko gereji kwa mzee, bure. Kigari cha mama ndicho hakikuenea, kipo sebuleni na madumu ya maji juu yake. Kontena linapakiwa tarehe 20. Mwenye nafasi ndogo kwenye pipa lake hapa Göteborg aniambie, kinakunjika.