Umekiokota wapi?

Alhamisi, usiku

Umeme ulikatika saa mbili na nusu, nami nilikuwa ukurasa wa arobaini wa daftari langu la vya kuokotwa. Niliendelea kwa tochi ya simu mpaka chaji ikaisha, kisha nikakaa gizani nikiwaza. Sasa umerudi, na nataka niyaandike haya kabla usingizi haujanichukua, kwa sababu leo mchana nilikuwa kwa mama mkubwa na bado sijatulia.

Daftari lenyewe ni kaunta buku nene niliyoifunika kwa karatasi ya kalenda. Ndani yake kuna kila kilichonipendeza kwa miaka minane: linki za intaneti, vipande vya magazeti vilivyogandishwa kwa gundi, majina ya kanga niliyoyasoma migongoni mwa watu sokoni Ngamiani, hapa Tanga, maneno ya Kipemba niliyoyasikia kwenye boti. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana huchagua vitatu au vinne nikawatumia watu wangu: dada zangu, mwalimu wangu wa zamani, mjomba aliyeko Muscat, na marafiki ambao wamekuwa wakialikana wao kwa wao mpaka wengine sijawahi kuonana nao. Mjomba anasema Ijumaa isipofika kitu anajua naumwa.

Tangu juzi nimekuwa nikizifungua linki za mwaka wa kwanza moja moja. Nyingi hazifunguki tena. Hilo nililitarajia. Kilichoniuma ni maandishi yangu mwenyewe. Kuna mstari unasema: “Ngoma nzuri mno, lazima uione.” Chini yake linki, na linki imekufa. Basi, hakuna kingine. Ngoma gani? Ya wapi? Nani alikuwa akipiga? Nakumbuka miguu tu, ikikanyaga mchanga wote kwa pamoja, na mlio vifundoni kama mtama unaopepetwa kwenye ungo. Huenda ilikuwa msewe, huenda sivyo. Niliipenda kiasi cha kuamka usiku kuiandika, na bado nimeipoteza kwa uvivu wa kutoandika mistari miwili zaidi.

Ukurasa wa kumi na saba umenituliza kidogo. Pale niliandika vizuri. Ni habari za sarafu za Kilwa, na nimeisoma upya leo kwa raha ileile ya siku ya kwanza. Mwaka 1944, vita vikiendelea, askari wa Australia aitwaye Maurie Isenberg alikuwa kazini kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yao. Siku moja akivua samaki aliokota sarafu tisa mchangani. Akazitia kwenye kopo, zikakaa humo miaka thelathini na tano. Alipozituma zikatazamwe mwaka 1979, nne zilikuwa za Uholanzi, na tano zilikuwa shaba za Kilwa. Kilwa Kisiwani hii hii, ambayo ukitoka Kilwa Masoko unavuka kwa mashua! Zilifikaje huko, mpaka leo watu wanabishana. Lakini ninachokipenda zaidi ni kwamba Isenberg alikuwa ametia alama kwenye ramani mahali alipoziokota. Kwa alama ile, mwaka 2013 watafiti waliweza kufunga safari kwenda ufukwe uleule. Bila alama, zingekuwa vipande vitano vya shaba ndani ya kopo, na ukisema vimetoka Australia nani angekuamini?

Pembeni niliongeza kwa wino mwekundu: sarafu za Kilwa zina vina. Upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zinaitikiana kwa mlio. Kitu kisichozidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kinachotumika kununulia samaki na shanga, nacho kimebeba ubeti. Kila nikiifikiria pwani yetu namna hiyo, watu wasioweza kufua shaba wala kusuka mkeka bila kutia neno ndani yake, najisikia nina bahati ya kuzaliwa humu.

Mtu ambaye daftari hili hunifanya nimkumbuke sana ni Muhamadi Kijuma wa Lamu. Alichonga milango, alipiga ala, alitunga mashairi, na mwandiko wake wa herufi za Kiarabu unapendeza macho hata kwa asiyejua kusoma. Wazungu waliokuwa wakitafiti ushairi wetu walimtegemea: Alice Werner, William Hichens, kisha Ernst Dammann aliyefika Lamu mwenyewe miaka ya 1930. Wakitaka utenzi, yeye aliunakili, na neno gumu akalifafanua, kwa sababu alijua linakokwenda hakuna jirani wa kumuuliza. Alifariki mwaka 1945. Miswada aliyoiandika iko London na Ujerumani, na mingine chuo cha SOAS cha London wameiweka kwenye intaneti, kurasa zote, wino wote.

Nilisoma chuo cha Kurani utotoni, kwa hiyo hati zile nazisoma kwa kusitasita. Kiswahili cha herufi za Kiarabu kinakutaka uje na chako. Herufi moja ya “be” inaweza kuwa b, inaweza kuwa p, inaweza kuwa mb. Usipolijua neno hulisomi. Mara ya kwanza nilikaa karibu saa nzima juu ya mshororo mmoja wa Utendi wa Mwana Kupona, ule ambao mama wa Pate alimtungia binti yake Mwana Hashima mwaka 1858, na nilipoupata nilimwita dada kutoka jikoni aje asikie. Hakuja na maji mkononi tu, alikuja na mwiko pia. Tukausoma pamoja tukiwa tumesimama.

Hapa Tanzania pia kazi hiyo imefanywa. Miaka ya 1960 mtafiti Mwingereza, J.W.T. Allen, alikuwa akikusanya miswada ya watu wa pwani kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katalogi yake ikachapwa mwaka 1970. Nawafikiria wenye nyumba zile, waliofungua makabati na kutoa utenzi wa babu uliofungwa kwa kitambaa. Kumpa mgeni kitu kama hicho kunataka uaminifu mkubwa. Ni lazima mgeni naye aandike kwa usahihi amekipata kwa nani.

Na hapo ndipo nilipokosa mimi, kwa mtu wa nyumbani kwangu.

Mwezi uliopita nilituma picha ya kanga ya mama mkubwa. Niliipiga siku ya arobaini ya babu, kanga ikiwa imeanikwa uani, na jina lake linasomeka vizuri: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Nikaandika chini kwamba ni kijembe cha mwanamke anayemtaka mume wa mtu na anamjulisha mwenye mume kuwa bado yupo. Niliandika kwa uhakika kabisa. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba majina ya kanga ni silaha za mitaani, na nikaona linaingia vizuri. Watu walipenda. Dada yangu mdogo akamwonyesha mwenye kanga.

Mama mkubwa hakukasirika. Alinipigia simu akaniuliza, “Mwanangu, ile kanga yangu, nani kakwambia ni kijembe?” Nikakosa la kujibu. Akasema, “Njoo Alhamisi, nitakuwa sina kazi.”

Nimefika Makorora saa tisa, nimemwamkia, ameniitikia, amenipa chai na mkate wa kumimina, na hakuigusa habari yenyewe mpaka nilipomaliza kula. Kisha akaingia ndani akatoka na kanga mkononi, inanukia udi na sanduku. Akaitandika juu ya mkeka katikati yetu.

Nimezoea kuzitazama kanga kwenye katalogi ya British Museum, jumba la makumbusho la London. Wanazo nyingi, na wameandika kwa uangalifu: vipimo, rangi, jina na tafsiri yake. Nawashukuru kwa kazi hiyo, nimejifunza mengi pale. Lakini picha hupigwa kwa mbele, kanga ikiwa imenyooshwa, na leo nimeiona kanga kwa pembeni. Pindo ni la korosho, jeusi lililochujuka likawa kahawia. Mji ni mwekundu. Juu ya jina kuna zile herufi ndogo, K.H.E. – MALI YA ABDULLA, alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887. Ncha ya kushoto imepindwa kwa cherehani, uzi mwekundu, mshono umenyooka. Ncha ya kulia imepindwa kwa mkono, uzi mweusi, mishono mirefu iliyopindapinda kama ya mtoto anayejifunza.

“Umeona?” akaniuliza. Nikasema nimeona. “Hiyo niliipinda gizani.”

Ilikuwa mwaka 1981. Mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, na kanga ya Mombasa ilifika Tanga kwa magendo, usiku, bei ya kukata roho. Dukani kwetu kulikuwa hakuna kanga, hakuna sabuni, unapanga foleni hujui unapangia nini. Mumewe aliihangaikia doti ile kwa sababu mkewe alikuwa na mimba ya tatu, baada ya mbili kuharibika, na alitaka mtoto apokelewe kwa kitu kipya. Jina hawakulichagua. Ndilo lililokuwepo.

Mimba ya tatu nayo ikaharibika. Alilazwa, na doti ilikuwa kwenye kikapu chini ya kitanda, bado haijakatwa. Kitanda cha pili alikuwepo mwanamke mwingine aliyefikwa na yaleyale usiku uleule. Huyo alikuwa na nguo moja tu mwilini, nayo imeharibika kwa damu, na hakuna ndugu aliyemfuata. Mama mkubwa aliomba wembe kwa muuguzi, akaikata doti katikati, akampa kipande kimoja. Kisha akaomba sindano. Uzi uliopatikana ni mweusi. Akapinda cha mwenzake kwanza, halafu chake, na taa za wodini zilikuwa zimezimwa.

“Asubuhi tukatoka,” akasema, “yeye mbele mimi nyuma. Nikawa nalisoma mgongoni kwake.”

Nikamwuliza mwenzake aliitwa nani. Hapo alinyamaza muda, akawa anaipapasa ile mishono kwa kidole. “Ningemwita mama nani? Wala yeye hakuwa na wa kuitwa kwa jina lake, wala mimi. Tulikuwa tunaitana jirani.”

Nilisoma jina lile pale mkekani kwa mara nyingine. Tamaa. Mimi nilisikia tamaa ya uroho, tamaa ya cha mtu. Yeye amekaa na tamaa nyingine miaka yote hii, ile ya mtu anayengoja. Neno ni moja na kanga ni moja, na huenda kweli kuna mtaa ambako mwanamke ameivaa kumrushia mwenzake. Sitaki kusema hakuna. Ila ya mama mkubwa imekatwa kwa wembe na kupindwa kwa uzi mweusi, na hilo halikuwepo kwenye nilichokituma.

Nilimwomba radhi. Akasema, “Radhi ya nini, wewe hukuniuliza tu.” Akanimiminia chai nyingine.

Nikiwa barabarani kurudi nilikuwa nafikiria kipande cha pili. Kanga inachakaa: inakuwa ya kubebea mtoto, inakuwa ya kulalia, inakuwa tambara la kushikia sufuria, inakwisha. Lakini hiki cha mama mkubwa kipo, kwa hiyo cha mwenzake nacho huenda kipo, katika sanduku la mtu, ncha moja ina mishono mirefu myeusi iliyopindapinda, na wajukuu hawajui ni mkono wa nani.

Nimefungua ukurasa mpya, wa mia mbili na tatu. Nimeandika jina la kanga, pindo, mji, alama ya duka, mwaka, kitanda, wembe, rangi ya uzi. Nimeandika nimeambiwa na nani, wapi, siku gani na saa ngapi. Ijumaa ya kesho nitawatumia kitu kimoja tu, na kabla sijatuma nitamsomea mama mkubwa kwa simu neno kwa neno. Amenikubalia, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe.

Chini nimeacha mistari minne wazi. Alipokuwa akinisindikiza mlangoni alisema anakumbuka jirani yule alitoka upande wa Pangani, na kijiji alikitaja asubuhi ile wakati wanaagana. Hakikuja leo. Amesema akimaliza kuswali alfajiri huwa vitu vinamrudia, nisizime simu.